Bafa ya jumbe: ikae kwenye kerneli au kwenye programu?

Mleta mada: Wakuu, programu ikituma ujumbe na mpokeaji hayuko tayari, ujumbe ungoje wapi, yaani bafa (nafasi ya kungojea) iwe kwenye kerneli, kiini cha mfumo endeshi, au kwenye programu yenyewe? Mach, kerneli ya zamani, iliweka foleni ndani yake. Mbunifu Liedtke na L4, kerneli yake, mwaka 1993, akaiondoa foleni hiyo: mtumaji anasimama mpaka mpokeaji afike, na kasi ikaiacha Mach mbali sana. Mimi niko na Liedtke. Memori ya kerneli ni ya wote. Mtumaji mmoja akifurika, wasiohusika ndio wanaoumia. Wanaodai foleni kwenye kerneli wamezoea kudekezwa.

BintiSeva: Kudekezwa? A anamtumia B, papo hapo B anamtumia A. Foleni hakuna. Wote wawili wamesimama, kila mmoja anamngoja mwenzake apokee. Mimi ndiye niliyekesha nikilitafuta kosa hilo, si wewe.

Mtaa wa Biti: Ndiyo maana mfumo endeshi wa QNX, ambao nao humsimamisha mtumaji, una palsi: ujumbe mdogo usiomsimamisha mtumaji, na kerneli ndiyo inayoupanga foleni. Hata hao wa kusimama-na-kungoja walihitaji mlango wa pembeni.

Mzee wa Paipu: Foleni haiokoi mtu, inaahirisha msiba tu. Nilikuwa na programu mama inayomngoja mtoto, programu iliyoianzisha yenyewe, amalize kazi, ndipo isome alichoandika kwenye paipu, bomba la kupitisha data lenye bafa kwenye kerneli. Ilienda vizuri miezi. Siku matokeo yalipokuwa mengi ikaganda: paipu imejaa, mtoto anangoja isomwe, mama anamngoja mtoto. Baiti 4096 za Linux zinajaa upesi.

Nukta: 4096 si ujazo, mzee. Hicho ni kiwango ambacho maandishi ya waandishi wawili hayachanganyiki. Ujazo wa kawaida ni baiti 65,536, tangu toleo la Linux 2.6.11.

Mzee wa Paipu: Namba nimekosea. Hoja hujaigusa.

Nukta: Hoja gani? Umengoja kabla ya kusoma. Kosa ni lako, paipu haina hatia.

Mzee wa Paipu: Kosa langu, sikatai. Ila bafa ndiyo iliyonificha kosa hilo miezi yote. Bila bafa ningeliona siku ya kwanza, kwenye mstari wa kwanza. Na usiniongeleshe kama mwanafunzi wako.

BintiSeva: Mleta mada, hilo la kufurika umelikuza. Foleni za jumbe za POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix, kwenye Linux zina kikomo: jumbe 10 usipobadilisha, na kila mtumiaji ana mgawo wake wa baiti.

Mleta mada: Zikijaa je?

BintiSeva: Mtumaji anasimama, au anarudishiwa kosa.

Mleta mada: Basi programu bado lazima ijue la kufanya. "Kudekezwa" nalifuta, nilikosea kulisema. Lakini hapo ndipo ninapotaka tujadili: foleni ikijaa, nani aamue kipi kitupwe? Kerneli haijui ujumbe upi una maana.

Nukta: Mzee, ungeipanua tu hiyo paipu.

Mzee wa Paipu: Niliipanua mpaka baiti 1,048,576. Ikaganda tena.