Saikolojia ya michezo: UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), Kinshasa ao kozi ya ku intaneti?

Mwana_Katuba
Bayaya jambo. Nimepata diploma ya sekondari, nataka kusoma saikolojia ya michezo na burudani. Kipa wetu wa miaka 15 aliachia mpira ukapita kati ya miguu, tangu pale kila kona anafungua glavu anafunga tena, macho chini, na koch anamupigia tu kelele "amuka!" Ile kelele haimusaidie, naona kabisa. Sasa nifanye UNILU fakilte ya saikolojia, niende Kinshasa kusoma elimu ya mwili, ao nichukue kozi ya ku intaneti?

Yaya_Mado
Mudogo, UNILU. Lisansi miaka 3, masta 2, utasoma saikolojia yote mpaka takwimu zenye zitakutoa jasho, alafu michezo uiingize mu memware, ile kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo. Miye nilifanya vile: wiki 8 nilikaa kando ya uwanja wa vumbi na kaye, timu ikifungwa naandika nani anaongea na nani, nani ananyamaza.

Koch_Ruashi
Mado, hapa tunaachana kidogo. Mutoto miguu imekauka na uchovu, utamwambia apumue polepole itamufanyia nini? Elimu ya mwili inakufundisha kujua kama ni woga ao ni mwili umechoka, na bajuweri banakusikia juu ulikimbia nabo. Kichwa iko na kazi yake, sibishi: 2010 kule Abu Dhabi, mu Kombe la Dunia la klabu, Mazembe yetu ya Lubumbashi walipiga Internacional ya Brazil 2-0 mbele ya kufungwa 3-0 na Inter ya Italia mu fainali, na timu yenye kuogopa jina haifike pale.

Bintu_Kenya
Burudani mumeisahau! Deci na Ryan, basaikolojisti wa Amerika, wanaonyesha mutu anadumu mu kitu akichagua mwenyewe, akijiona anaweza, akiwa na wenzake. Watoto wa avenue yetu walicheza mpaka giza, siku mukubwa mumoja alileta filimbi na kupanga nani anakaa benchi, nusu walirudi nyumbani.

Wa_Ngambo
Kozi ya wiki chache inakupa karatasi, basi. Uingereza jina la saikolojisti wa michezo na mazoezi linalindwa na sheria, bila kuandikishwa ku HCPC (shirika lao lenye kusimamia kazi za afya) hauwezi kujiita vile, na njia yao ya kawaida nayo inaanzia ku digrii ya saikolojia.

Mwana_Katuba
Aksanti sana. Naanza UNILU, jioni niko ku mazoezi na koch. Yaya Mado, ile kaye unaweza kunionyesha namna ulichora kurasa? Siku ya Mungu tuko na mechi, na ule kipa njo anaanza.