Gari inabugia mafuta tangu ifanyiwe gasketi ya hedi, nianzie wapi?

Msafiri77
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada maana nimechoka. Nina gari ya mwaka 1998, petroli, cc 1800, otomatiki, bado ile ya distribyuta (kile kinachogawa umeme kwenye plagi). Miezi miwili iliyopita ilichemsha njiani, nikaizima haraka lakini gasketi ya hedi ikawa imeshaungua, maji yamechanganyika na oili. Fundi akashusha hedi ikapelekwa kusawazishwa, akaweka gasketi mpya, mkanda wa taiming mpya na plagi mpya, akafunga. Gari ikawaka vizuri tu, haichemshi tena, haitoi moshi, hata taa ya cheki injini haiwaki.

Shida ni mafuta. Zamani safari ndefu ilikuwa inanipa kilomita 11 na nusu kwa lita. Juzi nimejaza tanki, nikatembea kilomita 318, nikarudi pampu ileile ikaingia lita 42.5, ukipiga hesabu ni 7.5 tu. Nikadhani nimekosea nikarudia, jibu lilelile. Asubuhi eksozi inanuka petroli mbichi, halafu gari imekuwa nzito kwenye milima. Fundi anasema injini ikishafunguliwa lazima ile mafuta mpaka izoee, nami nimeshatembea kilomita 2000 na haijazoea. Mmoja kaniambia ninunue oksijeni sensa, mwingine injekta zikasafishwe, mwingine anasema kontrol boksi (kompyuta ya injini) imekufa. Kabla sijamwaga hela naombeni muongozo.

Spana13
Mkuu usinunue kitu kwanza. Gari imeingia gereji inatembea 11 imetoka inatembea 7, basi tafuta kwenye vile vilivyoguswa, ndiko kosa liliko mara nyingi. Oksijeni sensa inaweza kweli kuharibiwa na maji ya rejeta yaliyoungua ndani ya silinda, au na silikoni iliyopakwa kwa wingi, hiyo sikatai, ila iache iwe ya mwisho. Nijibu kitu kimoja, mshale wa joto unakaa wapi ukiwa safarini? Na zamani ulikuwa unakaa wapi?

Msafiri77
Zamani ulikuwa chini ya katikati kidogo na hausogei. Sasa hivi mjini unafika robo, nikiwa kwenye lami spidi 100 unashuka karibu kabisa na alama ya baridi. Mimi nilifurahi nikajua ndio haitachemsha tena.

Spana13
Hapo ndipo penyewe. Thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, imetolewa. Mafundi wengi gari ikishachemsha wanaitoa wanaitupa, mteja anaona mshale uko chini anashukuru. Kumbe kontrol boksi ikisoma maji ya baridi inajua injini ndio imewashwa sasa hivi, inaongeza petroli kama asubuhi, na inaendelea kuongeza safari nzima. Na kwa kuwa ni otomatiki, angalia mshale wa mizunguko ukiwa spidi 100, gari nyingi za aina hiyo haziingii gia ya mwisho mpaka injini ipate joto, kwa hiyo unaweza kuwa unatembea siku zote na gia ya tatu bila kujua. Petroli unayonusa asubuhi inalingana na hilo hilo, na ikizidi inaosha kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Chomoa dipstiki uinuse.

mzeewabarabara
Ndugu zangu hapa sikubaliani. Nimeendesha miaka mingi gari zisizo na thamostati na hazijawahi kunisumbua, hicho kitu ni cha nchi zenye theluji, huku joto lote hili kinakusaidia nini zaidi ya kukuchemshia gari kikiganda? Mimi naona aende kusafisha injekta.

BintiMakanika
Shikamoo mzee. Naomba nikupinge kwa heshima, kwa sababu imani hii imemaliza injini nyingi nilizozifungua kwa mikono yangu. Joto la nje hata likifika nyuzi 40 bado ni nusu ya lile injini inalolitaka, thamostati nyingi zinaanza kufunguka kwenye 82 hadi 88. Chini ya hapo oili inabaki nzito, petroli haiungui yote, silinda zinalika mapema. Ni kweli thamostati ikiganda imefungwa gari inachemsha, lakini dawa ya hiyo ni kuweka nyingine nzima. Kukaa bila ni kuhamisha tatizo tu.

Sasa kaka Msafiri, hayo maneno ya injini kuzoea yanaweza kusemwa kama umebadilisha pistoni na ringi. Wewe imeshushwa hedi tu, chini hapajaguswa, hakuna cha kuzoea hapo.

Thamostati naunga mkono uanze nayo, lakini kwa huo uzito wa milimani usiishie hapo. Ukiwa umefungua boneti angalia sensa ya joto. Kwa kawaida ziko mbili karibu karibu, yenye waya mmoja inapeleka kwenye mshale wa dashibodi, yenye waya mbili inapeleka kwenye kontrol boksi. Unaweza kuona mshale unafanya kazi ukajua yote sawa kumbe ile ya waya mbili soketi yake haijaingia vizuri. Chukua mita upime, kwa gari nyingi ikiwa baridi kama nyuzi 20 inasoma ohmu 2000 mpaka 3000, maji yakifika 80 inashuka kwenye 200 mpaka 400. Pita pia kwenye mipira myembamba ya hewa, hasa ule unaotoka kwenye manifoldi (bomba la hewa inayoingia kwenye injini) kwenda regyuleta ya petroli, ile inayodhibiti presha yake. Uchomoe, ukikuta petroli ndani yake regyuleta imepasuka ngozi.

Halafu taiming, yaani wakati plagi inapotoa cheche, na hapa ndio nina wasiwasi zaidi. Hedi ikishuka distribyuta inatoka nayo, na asipoweka alama kabla ya kulegeza bolti anarudisha kwa kusikiliza sikio. Ikichelewa nyuzi chache tu (hapa ni nyuzi za mzunguko wa injini, si za joto) gari inawaka vizuri, haikohoi, ila inakosa nguvu mlimani na wewe unakandamiza mafuta zaidi. Tafuta fundi mwenye taa ya taiming. Gari nyingi za enzi hizo ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, lakini yako imeandikwa kwenye stika chini ya boneti, fuata hiyo. Na kabla ya kupima lazima kile kisoketi cha kupimia kiunganishwe kwa waya, la sivyo kontrol boksi inasogeza yenyewe na unachosoma ni uongo. Jino la mkanda nalo lihakikishwe, kuruka jino moja kunatosha kuleta yote haya.

Msafiri77
Wakuu nimerudi na majibu. Jumamosi nilifungua kile kinyumba cha thamostati mwenyewe, bolti mbili tu, nikakuta tupu, kuna mabaki ya gasketi na silikoni nyekundu pembeni basi. Roho iliniuma kwa kweli kwa sababu sikuambiwa. Dipstiki inanuka petroli kama alivyosema Spana13. Nimeweka thamostati mpya, nimemwaga oili, sensa ya waya mbili imesoma vizuri baridi na moto, mpira wa regyuleta mkavu. Mshale umerudi palepale pa zamani na kwenye spidi 100 nimesikia kabisa gia ya mwisho inaingia, sauti ya injini ikashuka, nilikuwa nimeshaisahau. Kilomita 365 zimekula lita 37.2, yaani 9.8.

Ila mlimani bado nzito.

BintiMakanika
Umefanya vizuri kupima baada ya kila kitu. Sasa taiming, usiguse kingine.

Msafiri77
Dada Mungu akubariki. Alama za mkanda ziko sawa zote, lakini taa ya taiming imeonyesha nyuzi 2 wakati stika inasema 10. Fundi mwingine kalegeza bolti ya distribyuta, kaizungusha labda milimita chache, nikashangaa kitu kidogo hivyo. Nimeenda safari ileile na mzigo uleule, kilomita 402 kwa lita 35.3, inakuja 11.4. Mlima ambao nilikuwa narudisha gia sasa naupanda bila kukandamiza. Oksijeni sensa sijanunua, injekta sijagusa.

mzeewabarabara
Nimefuatilia mpaka mwisho, na yangu mshale unalala hivyohivyo miaka yote. Kesho naifungua. Uliweka ya nyuzi ngapi, na kuna kitu cha kuangalia wakati wa kufunga?

Msafiri77
Shikamoo mzee. Yangu imeandikwa 82 kwenye bati lake, hakikisha unachukua iliyoandikiwa injini yako. Springi inatazama ndani upande wa injini. Na kuna kitundu kidogo kina kama kipini kinachochezacheza, kile kikae juu ili hewa itoke wakati unajaza maji, mara ya kwanza niliiweka kikiwa chini ikabidi nifungue tena.