Stoo ya kona jikoni: shelfu za kuzunguka, za ukutani au trei za kuvuta?

BintiShangani (Mtwara)
Assalaam aleikum na habari za jioni wanajukwaa. Naombeni ushauri, fundi anataka jibu kabla ya Jumamosi akachukue mbao.

Jikoni kwangu kuna stoo ya kona, imeingia ndani sana. Kitu kikishafika nyuma ndiyo basi, hukioni wala hukifikii. Leo nimetoa vyote nje, nikakuta choroko za msimu uliopita zimegeuka vumbi la fukusi nyuma ya madumu, na huku sokoni kila mara tunanunua nyingine. Inauma.

Fundi amenipa njia tatu. Ya kwanza ni shelfu za duara zinazozunguka kwenye nguzo, unasukuma tu kitu kinakuja mbele. Ya pili ni shelfu za kawaida kufuata kuta mbili, katikati pabaki wazi pa kuingilia. Ya tatu ni trei ndefu za kuvuta kwenye reli. Moyo wangu uko kwenye ya kwanza ila ndiyo ghali. Nyie mngechagua ipi?

FundiLigula (Mtwara)
Dada, hujatoa vipimo. Kona ina futi ngapi kwa ngapi? Mlango uko upande gani na una upana gani? Ukuta wa nyuma ni wa nje unaopigwa na mvua au wa ndani? Nyumba ni yako au umepanga? Bila hayo kila mtu atakushauri kwa nyumba yake.

KakaRahaleo (Lindi)
Chukua za kuzunguka, usihangaike. Dada yangu anazo kwenye kabati la kona, anaweka viungo, chumvi, majani ya chai, nyanya za kopo. Anagusa kwa kidole tu. Hata mtoto anaweza kumletea kitu bila kupindua kabati zima.

MamaMikindani
Mwanangu, pamoja na vipimo tuambie mko wangapi na unaweka nini humo. Mwenye majani ya chai na viungo hawezi kuwa sawa na mwenye gunia la mchele na ndoo za unga wa muhogo. Watu wanachagua kabati kwanza, halafu ndiyo wanatafuta pa kuweka gunia.

BintiShangani
Shikamoo mama. Samahani kwa kuchelewa kurudi, umeme ulikatika.

Nyumba ni yetu. Kuta zote mbili zina futi nne na nusu, mlango umekata kona, inchi 28. Dari futi tisa. Ukuta mmoja ni wa nje, upande wa bahari. Dirisha hakuna. Tuko saba, na wageni kutoka Newala hawakatiki. Vinavyokaa humo: gunia la mchele, unga wa sembe na wa muhogo, makopa (muhogo mkavu), choroko, mbaazi, korosho, dumu la mafuta la lita 20, masufuria ya shughuli, na ng'onda (samaki mkavu).

FundiLigula
Marahaba ya mama haijafika lakini naendelea. Sasa tunaweza kuongea.

Futi nne na nusu ni inchi 54. Shelfu za ukutani zipe kina cha inchi 15, usizidishe. Zinabaki inchi 39 kila upande, zaidi ya futi tatu za kusimama na kugeuka na ndoo mkononi. Pembe ya ndani kabisa, pale shelfu mbili zinapokutana, iko inchi 21 tu kutoka kwenye ukingo. Mkono wa mtu mzima unafika bila kupiga magoti. Yaani ile nyuma inayokusumbua inakwisha yenyewe ukipunguza kina, huhitaji mtambo wowote.

Duara sasa. Duara kubwa kuliko yote linaloweza kuingia kwenye mraba linaacha asilimia 21 hivi ya eneo kwenye pembe, bure. Halafu nguzo inakaa palepale ambapo ungesimama wewe.

Trei za kuvuta ndiyo kabisa usiziguse. Mlango wako umekata kona, kwa hiyo trei inatoka kwa kufuata upana wa mlango tu. Mbawa mbili za pembeni zinabaki gizani kama zilivyo leo. Na reli nyingi za madukani zimeandikwa kilo 45. Dumu moja la mafuta la lita 20 lina kilo 18 na zaidi. Weka mawili na ndoo ya unga, umeshapita.

Chini kabisa acha inchi 20 wazi kwa ndoo na madumu, yasipande juu kamwe. Shelfu ya kwanza na ya pili ziachane inchi 14, za usawa wa macho inchi 10 zinatosha. Juu kabisa masufuria ya shughuli.

MamaMikindani
Marahaba binti yangu. Fundi amesema kweli hapo kwenye inchi 15. Shelfu nyembamba inakulazimisha kupanga mstari mmoja au miwili, na unachokiona ndicho unachokipika.

Mwera_wa_Lindi
Naomba nieleze yaliyotukuta kwa mama, ili dada asije akayapata.

Tulimpata fundi aliyesifiwa na watu. Akatuletea picha kwenye simu, duara tatu, nguzo katikati, inapendeza. Akajenga kwa MDF, zile mbao za unga wa mti ulioshindiliwa kwa gundi, akabandika juu yake karatasi ya rangi ya mbao, chini akaweka beringi ya gurudumu la bajaji. Siku za mwanzo mama alikuwa anawaonyesha majirani.

Masika yakaingia. MDF ikaanza kunyonya unyevu kwenye kingo, ikavimba, duara la kati likawa linakwaruza ukuta. Beringi ikashika kutu. Ikawa ukisukuma haliendi, ukiongeza nguvu linaruka ghafla, na kilichosimama pembeni kinarushwa nyuma. Na nyuma ya duara hakuna mkono unaoingia! Yakaanza kudondokea huko makopo, limao, pakiti za chumvi. Kisha chupa ya asali kutoka Nachingwea ikapasuka. Sisimizi wakaja mstari mmoja kutoka uani. Baada ya sisimizi panya, wakazaa humo. Harufu ilikuwa inafika sebuleni, mama akahamishia sukari na unga chumbani kwake.

Tulimpigia fundi. Kwanza akasema kazi alishakabidhi, baadaye simu haikupokelewa tena. Ikabidi nguzo ikatwe kwa msumeno ndipo tukafika nyuma. Mama aliumia sana, maana fedha ile aliitoa kwenye malipo ya korosho, na malipo ya korosho ni ya mwaka mzima.

Sasa ana shelfu za mbao za mkongo kwenye kuta, hazina mbwembwe. Anaona kila kitu akiwa mlangoni.

BintiShangani
Pole sana kwa bi mkubwa. Nimesoma hii kwa sauti mume wangu asikie.

KakaRahaleo
Pole kwa mama, lakini hapo mwenye kosa ni fundi na MDF yake, duara limeonewa. Beringi ya bajaji haikutengenezwa kubeba mzigo uliosimama wima namna hiyo. Zipo za kiwandani, za chuma kisichoshika kutu, zina ukingo wa kuzuia vitu visidondoke. Dada yangu hajalalamika hata mara moja.

FundiLigula
Kaka, za dada yako ziko kwenye kabati dogo na zinabeba viungo. Hapa tunazungumzia gunia. Na hicho chuma kisichoshika kutu kina daraja zake. Shangani upepo wa chumvi unaingia hadi kwenye bawaba za milango ya ndani. Daraja la 304 likikaa karibu na bahari linaanza kuota madoa, linalohimili zaidi ni 316. Muuzaji akikupimia kwa sumaku usikubali, zote mbili kwa kawaida hazishikwi na sumaku.

Ila nakubali jambo moja: kisahani kidogo cha kuzunguka, inchi 12 hivi, ukikiweka juu ya shelfu pale pembeni kwa ajili ya viungo na chupa za siki, kinasaidia.

KakaRahaleo
Basi umekubali.

FundiLigula
Kisahani, siyo nguzo.

ZegeNaNondo (Masasi)
Mbona hakuna aliyetaja zege? Mimina shelfu za zege, inchi mbili na nusu, nondo ndani, juu marumaru. Mchwa hali, panya hatoboi, zinabeba gunia bila kupinda, unafuta kwa kitambaa. Mbao kusini huku ni kulisha mchwa.

FundiLigula
Mkongo na mninga uliokauka vizuri mchwa hawausumbui kirahisi, ndiyo maana fremu za milango ya zamani bado zimesimama. Zege kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua ya bahari ni kuunganisha unyevu na unga. Ukuta ukilowa, zege linalowa, mfuko wa unga uliolalia hapo unaota ukungu kwa chini na wewe unaona juu pakavu. Mbao unaweza kuiachia nafasi ya nusu inchi kutoka ukutani, hewa ikapita.

ZegeNaNondo
Ukuta unaolowa ni ugonjwa wa nyumba, mtibu ukuta. Nyumba ikiwekewa nailoni kwenye msingi na plasta nzuri nje hailowi. Usikimbie zege kwa sababu ya fundi mbovu wa plasta.

FundiLigula
Mwenye nyumba anataka jibu Jumamosi, mkuu. Hatuwezi kumchimbia msingi upya.

ZegeNaNondo
Na huo mkongo hakikisha una nyaraka za TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), mbao zisizo na kibali zinakamatwa zikiwa njiani na hela yako inapotea.

FundiLigula
Hapo tuko pamoja.

MamaMikindani
Wanangu, mbao au zege, stoo isiyo na dirisha inahitaji pumzi. Mlango uwe wa luva, au utobolewe juu na chini na kuwekwa wavu wa chuma, ule ambao panya hapenyi. Hewa ya joto itoke juu, ya chini iingie. Gunia lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta wa bahari, liwekee chaga ya mbao.

MwalimuChuno (Mtwara)
Naomba kuuliza kwa heshima. Kwa nini mtu wa mjini aweke gunia zima? Soko lipo, maduka yapo kila mtaa. Punguza akiba, stoo itajipanga yenyewe.

Mwera_wa_Lindi
Mwalimu, Mei 2024 ulikuwa wapi? Mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam maeneo ya Somanga, magari yakasimama pande zote mbili. Vinavyotoka Dar havikupita. Aliyekuwa na gunia alilala usingizi.

MwalimuChuno
Nilikuwepo. Lakini mchele na muhogo vinalimwa hukuhuku, na fukusi wanakula akiba ya watu wengi kuliko mafuriko. Choroko za dada ni ushahidi.

Mkulima_Tandahimba
Fukusi ni nafuu, ogopeni dumuzi. Huyu aliletwa na nafaka kutoka Amerika, akaonekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, leo yuko kila mahali. Anakula mahindi na makopa, anatoboa hata mfuko wa plastiki na mbao. Ukiweka makopa yenye dumuzi jirani na sembe umemfungulia mlango.

Kwa hiyo, dada, kabla ya shelfu panga kwanza vyombo. Makopa na choroko vikaushwe juani mpaka vikauke kwelikweli, kisha vitiwe kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana au ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu wakikosa hewa wanakufa humohumo, dawa haihitajiki. Jaza hadi juu, ukiacha nusu tupu umewaachia hewa. Na usifungue fungue. Cha kula wiki hii kitoe kiweke chombo kidogo.

Vidonge vya kufukizia ghala msitumie ndani ya nyumba ya kulala, nawasihi. Gesi yake inaua watu.

MamaMikindani
Ahsante baba. Na kila chombo kiandikwe mwezi. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka, kipya kipite nyuma.

BintiShangani
Nashukuru wote. Mume wangu bado anataka duara, anasema tuweke moja tu kwa ajili ya chumvi na viungo. Nadhani anazungumzia kile kisahani cha fundi, nitamuuliza vizuri. Zege naona litachelewesha.

Maswali mawili. Mtungi wa gesi naweza kuuficha humo chini? Na korosho zilizokaangwa mbona zinaanza kunuka mafuta ya zamani?

FundiLigula
Mtungi usiuweke humo hata kwa siku moja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, na wewe umeifungia kwenye chumba kisicho na dirisha. Uweke nje penye hewa, upitishe bomba ukutani.

Mkulima_Tandahimba
Korosho ina mafuta mengi, ikishakaangwa joto na hewa vinaiharibu haraka. Kaanga kidogokidogo, weka kwenye chupa inayobana, mahali pa baridi. Isiyobanguliwa inakaa muda mrefu zaidi.

MwalimuChuno
Na ng'onda je? Isikae karibu na unga, utapika ugali wenye harufu ya samaki.

MamaMikindani
Ng'onda haitakiwi stooni kabisa. Itundike jikoni kwenye kikapu chenye kifuniko cha wavu, ipate hewa. Zamani kwenye uchaga wa fito juu ya jiko la kuni tulitundika mahindi ya mbegu na samaki pamoja, moshi ulikuwa unafukuza wadudu. Nyumba za gesi hazina moshi, ndiyo maana vitu vinaharibika.

KakaRahaleo
Mama, na pweza mkavu? Kwetu anafungwa kwenye kanga safi.

MamaMikindani
Kanga inashika unyevu wakati wa masika, mwanangu. Pweza mrudishe juani kila jua likitoka, kisha mfunge kwenye karatasi kavu. Akianza kulainika mpike siku hiyohiyo, kwa nazi.

ZegeNaNondo
Kuna mtu anajua mkongo unauzwaje sasa hivi Masasi? Mimi natafuta wa fremu tu, siyo shelfu.