Yule mwalimu wa kambi: moto haufukiwi, moto UNAZIMWA!

Turubai Moja (mleta mada)

Wakuu, jina silitaji, mnamjua. Huyo huyo wa kofia pana na filimbi shingoni, anayebeba watu kila mwisho wa mwezi kwenda kuwafundisha kulala porini bila kitu. Leo asubuhi Ziwa Duluti, pale Tengeru, Arusha, upande wa msituni, kaacha makaa mekundu kwenye shina la mkuyu. Kayapiga udongo kwa buti mara tatu, kakung'uta buti, na alipoulizwa akajibu mbele ya wanafunzi wake: "Udongo umefunika, yamekwisha."

Yamekwisha! Makaa ya kubanika mbuzi mzima na mwenye mbuzi, yamekwisha!

Hivi huyu mtu hajawahi kuona tanuri la mkaa? Mchoma mkaa anafunika magogo kwa udongo makusudi, ili yawake polepole siku kadhaa bila kuzimika. Na udongo wa msitu ule si mchanga wa pwani. Juu majani makavu, chini yake mboji laini kama pamba, chini zaidi mizizi. Ukifukia makaa humo umeyatandikia blanketi. Joto haliondoki, hewa kidogo inapenya, mboji yenyewe inashika, moto unatambaa na mzizi huku juu huoni hata moshi. Siku ya pili au ya tatu unaibukia mahali pengine kabisa, upepo ukiwa umeamka na mwalimu akiwa nyumbani anakunywa chai.

Kuzima ni hivi. Saa nzima kabla ya kuondoka acha kuongeza kuni, zilizopo ziungue ziwe majivu. Mwaga maji kidogo kidogo, maana ukirusha ndoo nzima kwa mpigo mvuke na majivu vinakurukia usoni. Koroga kwa kijiti mpaka chini kabisa, geuza kila gogo, lile tumbo lake la chini ndiko moto unakojificha. Mwaga tena, koroga tena. Moto wa mafiga matatu usiupe chini ya lita 10, na 20 ndiyo usingizi wa amani. Mwisho sogeza mgongo wa mkono, halafu ingiza vidole. Kama hapashikiki, hujamaliza.

Na maji yako pale! Ziwa zima la kreta liko chini ya mteremko, mtu analipa kisogo anatafuta udongo!

"Udongo umefunika." Buti mara tatu. Jamani.

Kenge wa Tengeru

Mkuu punguza munkari, utawasha msitu wewe kwa hiyo hasira. Ungeanza na hili: ule ni msitu wa hifadhi, uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 haichezi na moto. Unauliza getini kwanza wapi panaruhusiwa kuwasha na wapi hapana. Shina la mkuyu halijawahi kuwa jiko.

Halafu mafiga aliyatoa wapi? Kama ni mawe ya majini, hapo ndipo pa kulia. Jiwe lililolala ziwani limenyonya maji, likipata moto maji yanakuwa mvuke, linapasuka kama risasi. Mawe ya kuokota nchi kavu, basi.

Mama Sufuria

Mleta mada unalia moto, mimi nalia sabuni. Kuna kundi, nalo halitajwi, linaosha masufuria ya ugali pale pale ukingoni kwa sabuni ya unga, povu linaelea kama harusi. Duluti halina mto unaotoka! Unachomwaga mle hakiendi baharini, kinakaa mle mle na samaki.

Sufuria la porini linasuguliwa kwa majivu yaliyopoa na kiganja cha majani. Ukoko loweka kwanza nusu saa, usiukwangue mkavu. Maji chota kwa ndoo, sogea hatua 80 kutoka ziwani, suuza huko, na maji machafu yatawanye juu ya ardhi, usiyamwage sehemu moja. Udongo utayachuja.

Turubai Moja

Sabuni ni kweli dada yangu, lakini sabuni haiunguzi mkuyu. Nawaambia alikung'uta buti! Kama mtu aliyemaliza kazi!

Mwenye Koleo

Huyo mkuyu mkuu ungeuoa tu. Tuzungumze choo, hakuna anayetaka kukitaja. Watu wanajisaidia nyuma ya hema, wanaweka jiwe juu. Jiwe! Shimo la paka, yaani kishimo cha kujisaidia na kufukia, linachimbwa sentimita 15 hadi 20, kina cha kiganja na vidole vyake. Hapo juu ndipo penye wadudu wa kuozesha. Ukizidisha kina hakiozi, ukipunguza kinafukuliwa na wanyama. Umbali ni zile zile hatua 80 za Mama Sufuria, na usichimbe kwenye mkondo wa mvua, maana masika yatakirudisha ziwani. Zile tishu zenye maji za kufutia watoto haziozi, rudi nazo kwenye mfuko.

Hema Kuukuu

Mnajadili choo wakati watu wanalala chini ya matawi makavu. Kabla ya kufungua hema tazama JUU. Tawi lisilo na majani wakati mengine yanayo, sogea. Linaanguka hata bila upepo.

Na turubai la chini ya hema likunjwe lisitokeze hata inchi. Likitokeza, mvua inateremka ukutani, inatua juu yake, inaingia chini yako. Halafu asubuhi unasikia hema ni mbovu.

Mama Sufuria

Turubai linatakiwa litokeze kidogo ili upate pa kuvulia viatu.

Hema Kuukuu

Dada, hapana. Pa kuvulia viatu weka gunia. Turubai likunje.

Turubai Moja

Mnaniacha kwenye mataa. Makaa MEKUNDU wakuu.

Kenge wa Tengeru

Tumekuelewa. Sasa siafu. Hakuna aliyesema siafu. Kabla ya kutandika zunguka eneo lote, ukiona mstari mweusi unatembea usipige dawa wala usikanyage, hamisha hema. Mafuta, mifupa na ukoko visilale karibu. Na zipu ifungwe mpaka mwisho hata ukitoka dakika 2.

Mwenye Koleo

Zipu zenyewe za hema za siku hizi zinagoma mchanga ukishaingia. Watu wanavuta kwa nguvu, meno yanaachana.

Hema Kuukuu

Usivute. Piga meno mswaki mkavu kwanza, halafu sugua kipande cha mshumaa pande zote mbili, rudisha kichwa cha zipu mbele na nyuma mara kumi hivi.

Mama Sufuria

Mshumaa mweupe au wowote?

Hema Kuukuu

Mweupe. Wa rangi utachafua kitambaa.