Kemia ya mwaka wa kwanza: waliopika majibu wamepewa 9, mimi niliyepima kweli nimepewa 4

Wakuu, salaam.

Niwahi kusema mapema kwamba huu uzi ni povu, tena povu la kostiki, kwa hiyo mwenye haraka zake apite. Nimekaa nalo wiki mbili nikidhani litapoa. Halijapoa.

Niko mwaka wa kwanza. Chuo sikitaji, maana natakiwa kumaliza hapo hapo na sina hamu ya kuitwa ofisini. Kozi ni ile kemia ya jumla ambayo kila anayesoma sayansi lazima aipitie: wa ualimu, wa kilimo, wa maabara za hospitali, wote tumerundikwa humo, zaidi ya mia tatu. Nadharia Jumatatu na Jumanne, maabara Jumatano saa 8 hadi saa 11 jioni. Alama 40 ni za ndani, 60 za mtihani wa mwisho, na katika zile 40 maabara inabeba 15. Kumi na tano si mchezo wakuu. Ndizo zinazoamua nani anarudi kula sapu (mtihani wa marudio) na nani analala kwao likizo nzima.

Zoezi la tatu lilikuwa kupima siki ya dukani ina asidi kiasi gani. Siki ya kawaida kabisa, ya chupa ya plastiki, ile ya kwenye kachumbari, na lebo yake inasema asilimia 5. Unaizimua mara 10, unavuta sentimita za ujazo 25 kwa pipeti, unamimina kwenye flaski, unatia matone mawili ya fenofthalini (kemikali inayogeuka pinki asidi ikiisha), halafu unafungulia bureti (mrija wa kioo wenye vipimo na bomba chini) yenye sodiamu haidroksaidi, ambayo ndiyo hiyo kostiki ya watengeneza sabuni. Unaenda nayo tone kwa tone huku unazungusha flaski, mpaka ije ile pinki ya mbali, pinki ambayo usipoweka karatasi nyeupe chini hata huioni. Tone moja likizidi inakuwa rangi ya juisi na umeharibu.

Kundi letu tulikuwa tisa kwa bureti moja. Bomba lake linavuja. Tulilitoa, tukalifuta, tukalipaka mafuta ya mgando aliyokuwa nayo dada mmoja kwenye pochi, likatulia. Waliobaki wakakaa kwenye viti vyao wakachati, nikabaki mimi na huyo dada. Jaribio la kwanza la kukisia tukapata sentimita za ujazo 25.1 za kostiki. Kisha 24.60. Kisha 24.55. Kisha 24.60. Mara tatu, zote ziko ndani ya tofauti ya 0.1 kama tulivyofundishwa tangu kidato cha tano. Nilifurahi kama mtoto, sitawadanganya.

Tukapiga hesabu kwa ile 0.1 M (ukali wa moli 0.1 kwa lita) iliyobandikwa kwenye chupa ya kostiki. Siki ikatoka asilimia 5.9. Lebo inasema 5.

Sasa sikilizeni. Meza ya jirani walikuwa wameshamaliza na bureti yao haijalowa. Walichofanya ni kuanza na jibu: siki ni asilimia 5, rudi nyuma na hesabu, kostiki inayotakiwa ni 20.8. Wakaandika 20.80, 20.75, 20.80. Na lile jaribio la kukisia wakaliwekea 21.2 ili jedwali lionekane lina jasho. Yaani mpaka makosa wameyapika! Karatasi ikahamia meza yetu. Wenzangu saba wakanakili pale pale, na yule dada niliyepima naye akaniangalia, akasema, "Kaka, mimi nina mkopo wa bodi, siwezi kucheza na alama," naye akaandika 20.8. Simlaumu hata kidogo.

Mimi nikaandika wastani wa 24.58, na chini nikaeleza kwamba nina shaka na kostiki kwa sababu vipimo vyenyewe vimekubaliana. Mwongozo si unasema jadili vyanzo vya makosa? Nikajadili.

Ripoti imerudi. Wao 9. Mimi 4, na kalamu nyekundu: mbinu mbovu, soma tena mwongozo.

Watu tisa, bureti moja, chupa moja ya siki. Wanane wamepata 20.8, mmoja 24.6. Na msahihishaji hakujiuliza kitu.

Nikamfuata. Yule anayetusimamia ni kijana tu, naye mwanafunzi wa uzamili, ana ripoti zetu zote mezani, na upande huo namhurumia. Nikasema samahani mwalimu, naomba tuangalie hii pamoja, haya ndiyo niliyosoma kwenye bureti. Akajibu bila kuinua macho: "Dogo, mbona wenzako wamepata?" Nikamwambia wenzangu hawakupima. Akacheka. "Sasa unataka niwafelishe?" Yakaishia hapo.

Ningeacha. Lakini ile namba ilininyima usingizi, kwa sababu mtu akikosea kwa mikono mibovu majibu yake yanatawanyika, hayakai pamoja mara tatu. Ijumaa nikarudi maabara mchana, nikamkuta mzee anayetengeneza kemikali zetu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umesahau koti?" Nikamweleza. Hakusema neno. Akafungua kabati, akatoa kopo la kostiki, akanifunulia.

Vile vidonge vinatakiwa kuwa vyeupe, vikavu, vinagongana kama vidonge vya hospitali. Hivi vilikuwa vimelowa na kushikana bonge moja kama ubuyu uliosahauliwa kwenye mfuko. Mfuniko una ufa. Mzee akanieleza kitu ambacho mhadhara mzima wa asidi na besi haujanieleza: kostiki inanyonya unyevu hewani, na hewa ukaa nayo inaigeuza taratibu kuwa kaboneti. Ukipima gramu 4 kwa lita moja upate 0.1 M, huna gramu 4. Sehemu ni maji, sehemu ni magadi. Ndiyo maana, kasema, hakuna mkemia anayeamini namba ya kostiki iliyopimwa kwa mizani. Lazima uihakiki kwanza kwa kitu kinachokaa kikavu na kinachopimika bila ubishi, na kitu hicho ni chumvi inayoitwa potasiamu haidrojeni thaleti, moli moja gramu 204.22.

Alikuwa nayo kidogo imebaki kwenye kichupa. Tukapima gramu 0.51, kwa mizani ya desimali mbili, maana ile nzuri ya desimali nne iko chini ya kitambaa inasubiri fundi tangu sijafika chuoni. Kostiki ikaenda 29.40. Tukarudia kwa gramu 0.48, ikaenda 27.65. Pigeni hesabu wenyewe, zote mbili zinatoa 0.085 M. Chupa inasema 0.1.

Nikarudi kwenye siki yangu. 24.58 mara 0.085, gawanya kwa 25, zidisha kwa 10, kisha kwa uzito wa moli ya asidi ya siki, 60. Gramu 50 kwa lita. Asilimia 5.0.

Mkono wangu ulikuwa sawa, mwenye kiwanda cha siki alikuwa sawa, aliyekosea ni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya maabara ya chuo. Na wote waliopata 9 wameandika namba ambayo kwa kostiki ile HAIWEZEKANI kuipata. Kwa kweli 20.8 ndiyo ilikuwa ushahidi wa wizi, na ndiyo iliyotuzwa.

Nikamuuliza mzee kwa nini hahakiki kila wiki. "Mwanangu, niko peke yangu, natengeneza kwa makundi yote. Kopo jipya nimeomba tangu muhula uliopita." Kuhakiki kwenyewe kumetuchukua nusu saa na chumvi isiyojaa kijiko cha chai. Nusu saa!

Jumatatu nikapeleka hesabu zote kwa msimamizi, safi, karatasi mbili. Akazisoma, hilo nampa. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema alama zimeshaingia kwenye mfumo na hawezi kuzitoa, na kwamba mwaka wa kwanza kazi yetu ni kufuata mwongozo, utafiti tutafanya tukifika mwaka wa tatu.

Mwongozo wenyewe ninao hapa. Nimeununua kwenye kibanda cha fotokopi, ukurasa wa 14 haupo na wa 22 umo mara mbili. Unasema vaa miwani ya kinga. Miwani iko miwili kwa chumba kizima, mmoja hauna kamba. Unasema usivute kwa mdomo, tumia mpira wa kuvutia. Mipira imepasuka. Kwa hiyo tunavuta kwa mdomo kama wanywaji wa pombe ya mrija, na kwenye zoezi la pili jamaa yangu alivuta kostiki ikamfika ulimini. Ulimi ukawa unateleza kama kipande cha sabuni, akashinda bombani anasukutua. Bomba la kawaida, maana lile la kuoshea macho ukilifungua linatoa sauti ya hewa tu. Kabati la kutolea moshi, feni yake imekufa, ndani kumejaa ripoti za wanafunzi za 2011. Na ada ya maabara tunalipa, iko kwenye ankara kwa mstari wake peke yake.

Samahani nimetoka nje kidogo. Ila hili la vifaa mimi nimelizoea, na sidhani niko peke yangu. Mwaka 2014 zile kampeni za maabara za shule za kata, baba yangu alichangishwa kama wazazi wengine. Jengo likaisha, nikalikuta nilipofika kidato cha kwanza. Ndani kulikuwa na madawati mabovu na mahindi ya mwalimu wa zamu. Kemia ya kidato cha pili tulichorewa bureti ubaoni. Kwa hiyo bureti inayovuja mimi kwangu ni neema, nitaipaka mafuta na nitapima. Nisichoweza kumeza ni kupima kwa shida yote hiyo halafu naambiwa ningekaa nikachati ningepata 9.

Na msiniambie ni alama tano tu. Katika hao mia tatu wako watakaokwenda kupima damu zenu, wako watakaopima maji ya kisima chenu, labda yuko atakayefika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kusoma sampuli ya kesi ya mtu. Muhula wa kwanza kabisa wamefundishwa kwamba kifaa kikipingana na jibu lililotarajiwa, unafuta kifaa.

Ninachotaka si kikubwa. Kostiki ihakikiwe kila wiki na namba halisi ibandikwe. Au basi watugawie hiyo chumvi tuihakiki sisi wenyewe kama zoezi la kwanza, tungejifunza zaidi ya mazoezi yote matatu. Na alama zitolewe kwa vipimo vinavyokubaliana na hesabu iliyo sahihi, si kwa ukaribu na lebo ya siki. Kama kuna mtu humu anafundisha maabara ya chuo, naomba anieleze kwao wanasahihishaje.

NAHARIRI, saa 4 usiku:

Mnaosema labda sikusuuza bureti: nilisuuza, kwa maji kisha mara mbili kwa kostiki yenyewe. Na hata nisingesuuza, maji yaliyobaki yangeharibu usomaji wa kwanza zaidi ya wa tatu. Someni namba zangu tena.

Mkuu uliyesema enzi zenu mlikuwa wawili kwa bureti moja na chai saa 10, hongera, lakini hiyo inanisaidia nini?

Wewe uliyeandika "pika tu dogo, hata maofisini wanapika": nimekuelewa, na ndiyo kitu kinachonitisha zaidi katika comenti zote.

Kuhusu kupeleka kwa mkuu wa idara, CR wetu (kiongozi wa darasa) kasema tuandike barua ya pamoja. Nimeiandika jioni hii. Mpaka sasa ina sahihi mbili, yangu na ya yule dada wa mafuta ya mgando.

Kesho ni zoezi la nne, joto linalotoka asidi ikikutana na besi. Kitabu kinasema kilojuli 57 kwa moli. Jedwali la majibu limeshaanza kuzunguka kwenye grupu la WhatsApp tangu saa 12: joto la mwanzo 25.0, la mwisho 31.8. Hatujaingia hata mlangoni. Na ile maabara, wakuu, Januari hii, feni moja, kipimajoto cha ukutani Jumatano iliyopita kilikuwa kinasoma 32.