Naombeni ushauri: Vietnam mwezi Januari, mimi na mke wangu

Msafiri Kimya (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Mwezi wa kwanza natarajia kwenda Vietnam na mke wangu kwa siku 10, tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Tunashukia Hanoi. Naomba kujua mambo mawili tu: ufukwe mzuri ulio karibu na Hanoi ni upi, na Januari jua linawaka vizuri? Kejeli wekeni pembeni, nina mawazo ya kutosha.

Kijiti
Wa kwanza. Naweka mkeka hapa.

Bahati Nusu
Mkuu, Hanoi haina bahari. Ni mji wa maziwa na Mto Mwekundu. Januari kule ni baridi, nyuzi 15 hivi, mawingu mengi na manyunyu ya hapa na pale. Ha Long ipo, saa mbili na nusu hivi kwa gari, ile ghuba ya visiwa vya mawe iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1994. Ila mwezi huo unaenda kutazama mawe ndani ya ukungu, siyo kuogelea. Bebeni makoti.

Shangazi Tisa
Mimi niongelee pesa. Pesa yao ni dong. Noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za bluu, zote za plastiki, na zote Ho Chi Minh, baba wa taifa lao, anakutazama. Nilikunywa kahawa ya yai pale mitaa ya zamani ya Hanoi, wanapiga kiini cha yai na maziwa ya kopo mpaka kinaumuka, wanamwagia juu ya kahawa chungu. Tamu hatari. Nikatoa noti mbili za bluu, nikamwambia mama muuzaji chenji baki nayo, nikaondoka kwa madaha. Yule mama alinikimbiza na ndala zake mpaka kona. Moja ilikuwa ya 500,000! Siku hizi nageuza noti nyuma kwanza: nikiona daraja lenye paa, hiyo 20,000. Nikiona nyumba ya kijijini, hiyo 500,000, narudisha kwenye sidiria.

Kijiti
Nani kauliza noti?

Shangazi Tisa
Wewe uliyeweka mkeka umechangia nini mpaka sasa?

Msafiri Kimya
Asante shangazi, nimeandika. Ila wakuu, ufukwe ni lazima. Hakuna hata wa saa moja kutoka Hanoi?

Bahati Nusu
Mkuu, mbona umeng'ang'ania bahari na tiketi yako ni ya Hanoi? Kuna kitu hukisemi.

Msafiri Kimya
Mke wangu ameshanunua nguo za kuogelea. Tatu. Na kofia pana ya majani.

Bahati Nusu
Kwani hajui mnaenda mji wa baridi?

Msafiri Kimya
Anajua tunaenda Thailand.

Kijiti
Mkeka nimeukunja, naleta kitanda kabisa.

Msafiri Kimya
Nisikilizeni kabla ya kunihukumu. Niliahidi Thailand mbele ya dada zake wote, wakapiga vigelegele. Usiku mmoja nikaona tiketi za Hanoi bei imeshuka sana, nikakata zote mbili. Hazirudishwi. Na kwani tofauti ni nini? Bahari ni bahari, mchele ni mchele. Nilipanga nimwambie tukishafika, iwe mshangao.

Mtumishi_Yohana
Ndugu yangu, nyumba haijengwi juu ya uongo. Leo umemficha nchi, kesho utamficha mtoto. Piga magoti, kisha mwite mkeo sebuleni umweleze.

Reli ya Zamani
Mimi ningechukua treni Hanoi mpaka Saigon, ule mji mkubwa wa kusini. Kilomita 1,726, zaidi ya saa 30. Nililala kitanda cha juu kabisa, pua na dari vinagusana, chini yangu bibi mmoja anamenya machungwa tangu giza la kwanza. Alikuwa akimaliza moja ananigonga mguuni, ananipitishia vipande. Hatukuelewana neno hata moja. Katikati ya nchi, baada ya mji wa Hue, reli inapanda kwenye mlima, bahari ipo chini kabisa, mabehewa yote yakanyamaza. Huyo mkeo mpandishe treni, atasahau Thailand.

Bahati Nusu
Saa 30 na mwanamke aliyedanganywa? Mzee, unataka damu imwagike behewani.
Mleta mada, achana na pwani ya kati pia. Hoi An na Da Nang zinatoka kwenye mvua, bahari bado inachafuka. Kata ndege ya ndani toka Hanoi mpaka Phu Quoc, saa mbili na dakika kidogo. Ni kisiwa cha kusini, Januari ndiyo kiangazi chake. Mchanga mweupe upo ufukwe wa Bai Sao, na magharibi unaona jua likizama baharini. Tena kisiwa hicho kipo ndani ya Ghuba ya Thailand.

Msafiri Kimya
Rudia hapo mwisho.

Bahati Nusu
Ghuba ya Thailand. Maji ndiyo hayo hayo.

Msafiri Kimya
Kwa hiyo nikimwambia tupo Ghuba ya Thailand sijadanganya! Hanoi nitasema tunaunganisha ndege tu. Mungu akubariki mkuu.

Mtumishi_Yohana
Usimtaje Mungu hapo.

Dada Pilipili
Na nimesikia Phu Quoc huhitaji visa, siku 30 bure.

Bahati Nusu
Hiyo ni kwa anayetoka nje mpaka kisiwani bila kuingia Vietnam kwingine, na kubaki huko huko. Yeye anaingilia Hanoi, visa lazima. Ya mtandaoni ni dola 25 kuingia mara moja. Angalia tovuti iishie na gov.vn, matapeli wametengeneza zinazofanana nayo. Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi.

Fundi Saa
Subirini kidogo, wakuu mnapelekeshwa. Visa hiyo inataka picha ya pasi NA picha mpya ya uso, bila miwani. Kwa kila mtu. Mke anapigwa picha ya visa, asiulize ya nchi gani? Na tiketi alikataje bila pasi ya mke? Na mtu gani mzima hasomi ubao uwanja wa ndege? Hii ni chai, tena ya rangi.

Kijiti
Nilianza kuhisi kwenye kofia ya majani.

Dada Pilipili
Nguo tatu za kuogelea kwa siku 10 ni kawaida, hapo kasema kweli.

Msafiri Kimya
Fundi, pasi zote natunza mimi kabatini, tiketi ilikuwa dakika tano. Visa yake bado sijaomba, unadhani usingizi nakosa kwa ajili ya nini? Picha yake ninayo ya mwaka jana, ila amevaa miwani. Nimejaribu kuifuta miwani kwa simu, amebaki na jicho moja.

Fundi Saa
Chai inaongezwa tangawizi.

Shangazi Tisa
Usipeleke picha uliyochezea, watakukatalia maombi na dola 25 hazirudi. Mpige nyingine, ukuta mweupe, uso mbele.

Msafiri Kimya
Sawa, yupo hapa anakunja nguo. Nimemwambia kuna picha ya bima.

Mtumishi_Yohana
Umeongeza uongo juu ya uongo.

Kijiti
Dakika 20 sasa. Mleta mada upo?

Msafiri Kimya
Amesimama ukutani. Nilimwomba avue miwani, akavua. Simu ikatoa taarifa ya uzi huu, kwa sauti. Ameivaa tena, anasoma. Kafika kwenye noti za shangazi.