Mkate wa kiwandani au wa bekari ya mtaani? Shule zinafunguliwa Jumatatu

Bi Chai: Habari za jioni wapendwa. Shule zinafunguliwa Jumatatu na nataka niamue moja. Niwe nachukua mkate wa slesi wa kiwandani dukani kwa Mangi, 2,500, au ule wa bekari mpya hapa mtaani, 1,700? Wa bekari unanukia vizuri, ukiwahi asubuhi unaukuta bado wa moto. Na 800 kila siku kwa mwezi mzima si hela ndogo. Mnaonaje?

Mzee wa Mizani: Dada, gramu ngapi? Mko wangapi? Uko wapi? Bei bila uzito haituambii kitu.

Kijana wa Temeke: Bekari, bila kufikiria mara mbili. Wa kiwandani ukiubonyeza unabonyea kama sifongo, ukiuchovya kwenye chai unabaki kwenye kikombe. Pia hela inabaki mtaani kwetu.

Bi Chai: Samahani, nilisahau. Niko Mbagala, tuko sita, watoto wanne. Wa kiwandani umeandikwa gramu 800. Wa bekari mfuko hauna maandishi yoyote.

Mzee wa Mizani: Hauna maandishi? Basi huna uzito, huna tarehe, huna nembo ya TBS, wale wa Shirika la Viwango. Mwombe Mangi auweke kwenye mizani yake ya sukari, kisha urudi hapa.

Ua la Kigamboni: Hiyo tarehe nayo isomeni kwa makini. Mwaka jana tulikuwa na hitima ya baba mkwe, nikanunua mikate sita kwenye duka kubwa tu, lenye viyoyozi. Tarehe ilionyesha bado siku tatu. Napaka siagi, nikafika slesi ya tano, naona doa la kijani dogo kama punje ya choroko. Nikadhani ni uchafu. Nikafungua ya chini yake, doa limetoka upande wa pili. Nikachukua mfuko, nikakwangua kile kikaratasi cha tarehe kwa ukucha. Chini yake kipo kingine, cha siku nne nyuma! Bibi yetu alikuwa ameshakula slesi mbili. Usiku ule sikulala, namsikilizia yeye tu. Alhamdulillah hakuumwa. Kesho yake nikarudi dukani, wakaniambia nimeuweka kwenye joto, na risiti sina. Mkate nikautupa wote, watu wakala mihogo. Tangu siku ile nakwangua kila kikaratasi pale pale dukani, hata foleni ikiwa ndefu.

Kijana wa Temeke: Pole sana dada. Ndiyo maana nasema bekari, unaona unatoka tanurini.

Mkandaji: Nimefanya kazi bekari miaka minane, naomba niseme. Mkate kuwa mkubwa machoni si kuwa mzito. Donge likiumuka sana ndani unabaki upepo. 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, unga ulipanda bei. Bosi wetu hakupandisha mkate, alituambia tupunguze donge. Kopo lile lile, tunaacha liumuke zaidi, mteja haoni. Na usipowekwa kemikali ya kuzuia kuvu, kwa joto la Dar siku ya pili au ya tatu uko mashakani.

Kijana wa Temeke: Si unaweka kwenye friji?

Mkandaji: Friji inaukausha mkate upesi kuliko kabatini, wanga wake unakaza. Kama ni wa kukaa, weka friza, utoe slesi unazotaka.

Pwani Moja: Sisi huku Mombasa mkate wa kawaida ni wa gramu 400, na bei yake ni siasa kabisa. 2024 serikali ilitaka kuuwekea VAT ya 16%, watu wakapinga mpaka ikaondolewa. Tena dada, wale watoto wape wa brauni.

Mzee wa Mizani: Wa brauni, asome viambato kwanza. Mwingine ni mweupe uliotiwa rangi. Kinachotajwa mwanzo kiwe unga wa ngano usiokobolewa.

Bi Chai: Nimerudi kwa Mangi. Wa bekari ni gramu 460! Nimeupima mara mbili.

Mzee wa Mizani: 1,700 kwa gramu 460 ni kama 370 kila gramu 100. Wa kiwandani ni kama 313. Kwa watu sita, huo mmoja wa bekari hauwatoshi, utanunua wa pili.

Kijana wa Temeke: Ladha hamuipimi kwenye mizani.

Bi Chai: Kaka, hapo umenigusa. Mwanangu wa mwisho, ule wa kiwandani anaula katikati tu, kingo anaziacha kwenye sahani. Wa bekari anamaliza na makombo.

Mtu wa Unguja: Kwani lazima slesi? Sisi asubuhi ni boflo na maharage ya nazi, watoto wanakwenda skuli wameshiba mpaka saa saba. Au mkate wa ajemi, ukiupata umetoka kwenye tanuri, hata siagi hutaki.

Ua la Kigamboni: Mkate wa ajemi jamani! Mara ya mwisho nimeula Darajani. Huku Dar unapatikana wapi?

Bi Chai: Na mimi nausubiri huo mtaa. Na mkate wenyewe ni shilingi ngapi, na una gramu ngapi?